Kayseri si Istanbul, lakini nyuki wake mnao huko kwenu

"Chuo cha wapi? Kayseri? Si ungetafuta Ulaya kabisa!" Maneno haya Mwafrika Mashariki aliyeko katikati ya Anatolia, huko Uturuki, anameza kila simu ya nyumbani, na wanaoyatema si watu wa kijiweni tu, wamo na wenye shahada mbili mbili. Ukitaja Uturuki, wa kwanza atakumbuka nguo zinazoshushwa Kariakoo, wa pili vipara vinavyosafiri kwenda kupandikizwa nywele, wa tatu tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, na siku hizi yupo wa nne wa kukumbusha kuwa reli yetu ya SGR ya Tanzania nayo walianza kuijenga Waturuki. Utafiti hautajwi. Ukisema Ujerumani, hata chuo ambacho jirani yake hakijui kinapewa heshima. Ukisema Uturuki, swali la kwanza ni kama cheti kitatambuliwa.

Inaudhi. Basi tukae kitako tukitazame chuo hicho hicho cha mkoani, Erciyes Üniversitesi cha Kayseri, tuone kimeipa dunia nini. Tuache nafasi yake kwenye orodha za vyuo bora, maana hizo hupanda na kushuka kama bei ya nyanya. Tutazame kitu ambacho mtu wa nchi nyingine, asiyejua hata Kayseri iko upande gani, amekichukua akakifanyia kazi.

Chuo kimechukua jina la mlima unaoonekana kila kona ya mji, mita 3,917, na mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo anayekuja Januari na koti la Mbeya ajue amekuja na fulana. Kitivo cha tiba kilianza mwaka 1969 chini ya chuo kikuu cha Hacettepe cha Ankara, kikabeba jina la Gevher Nesibe, binti wa kifalme wa Waseljuki ambaye hospitali na shule ya utabibu zilizojengwa kwa wasia wake mwanzoni mwa karne ya 13 bado zimesimama katikati ya mji, leo zikiwa makumbusho. Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1978 kwa jina la Kayseri Üniversitesi, na mwaka 1982 kikaitwa Erciyes. Hapa kuna mtego: mwaka 2018 sehemu ya Erciyes ilimegwa kuwa chuo kipya kilichopewa tena jina la Kayseri Üniversitesi. Ukikuta makala yenye jina hilo, tazama mwaka kwanza, vinginevyo utampa mtoto sifa za mzazi.

Sasa nyuki. Mwaka 2005 Derviş Karaboğa, wa idara ya uhandisi wa kompyuta hapo Erciyes, alitoa ripoti ya kiufundi ya kurasa chache, namba TR06. Haikutoka kwenye jarida, haikupitia wahakiki wenza, ilikuwa ripoti ya ndani ya idara. Ndani yake kulikuwa na algoridhimu, yaani utaratibu wa hatua za hesabu, ya kutafuta jibu bora kwa kuiga kundi la nyuki wanavyotafuta chakula. Mwaka 2007 yeye na Bahriye Baştürk waliieleza kwa mapana katika Journal of Global Optimization, na tangu hapo makala hiyo imenukuliwa maelfu ya mara. Anayefunza mtandao wa neva wa kompyuta, anayepanga mahali pa kuweka jenereta ndogo kwenye gridi, anayepanga antena, wote wameigusa. Mwanafunzi wa uhandisi aliyefika kwenye somo la kutafuta suluhisho bora, awe Dar, Nairobi au Kampala, kuna uwezekano mkubwa amekutana na herufi tatu ABC, yaani Artificial Bee Colony, kundi bandia la nyuki, bila kuambiwa zimetoka chini ya mlima gani.

Mfugaji wa nyuki wa Tabora angeielewa bila kompyuta. Kila jibu linalojaribiwa ni mahali penye maua. Nyuki wamegawanywa mafungu matatu. Walioajiriwa, kila mmoja ana ua lake na analichunguza pamoja na majirani zake. Watazamaji wanakaa mzingani wakisubiri ngoma ya wenzao, kisha wanachagua pa kwenda kwa kufuata sifa: palipo na asali zaidi panapata wageni zaidi. Skauti ni yule ambaye ua lake limekauka, anatupwa porini kubahatisha upya.

Tuishike mkononi. Chukua tatizo dogo kabisa: tafuta namba ambayo mraba wake ni mdogo kuliko yote. Sisi tunajua ni 0, nyuki hajui. Nyuki mmoja yuko kwenye 0.8, mwenzake kwenye 0.3, tofauti yao ni 0.5. Kompyuta inabahatisha namba kati ya −1 na 1, tuseme imetoka −0.4. Mahali papya pa nyuki wa kwanza ni 0.8 ukiongeza −0.4 mara 0.5, yaani 0.6. Mraba wa 0.8 ni 0.64, wa 0.6 ni 0.36. Pamepungua, nyuki anahamia hapo. Kama pangeongezeka angebaki alipokuwa, na daftari lake la kushindwa lingeandikwa moja. Kisha ubora unahesabiwa kwa kugawa 1 kwa 1 jumlisha thamani: wa kwanza anapata takriban 0.735, wa pili, ambaye mraba wake ni 0.09, takriban 0.917. Ukiwa na watazamaji 100, karibu 44 au 45 wataelekea kwa wa kwanza na waliobaki kwa wa pili. Hakuna anayenyimwa wageni kabisa, na siri iko hapo, maana ua la pili likija kukwama, la kwanza bado lina watu.

Sababu ya kusambaa kwake ni vitasa. Algoridhimu nyingine za wakati ule zilikuwa na vitasa vingi vya kuzungusha, hii ina viwili vitatu: ukubwa wa kundi, idadi ya mizunguko, na kikomo cha kushindwa kabla ua halijaachwa. Kwa kawaida kikomo huwekwa kuwa idadi ya maua mara idadi ya vigezo vya tatizo. Kundi la nyuki 40 lina maua 20, na tatizo likiwa na vigezo 10, kikomo ni 200. Ukikiweka kidogo mno, nyuki wanaacha ua zuri kabla halijavunwa. Ukikiweka kikubwa mno, wanang'ang'ania ua lililokufa mpaka mizunguko inaisha.

Wengi wanaoitumia huku kwetu wanakosea mahali pawili. La kwanza ni kulinganisha algoridhimu mbili kwa idadi ya mizunguko. Mzunguko mmoja wa kundi la 40 unatathmini majibu takriban 40: 20 ya walioajiriwa na 20 ya watazamaji, na skauti akitokea anaongeza lake. Algoridhimu nyingine yenye watu 20 inatathmini 20 kwa mzunguko. Ukisema "zote zimepewa mizunguko 1,000" umempa mmoja chakula cha wawili. Hesabu tathmini, usihesabu mizunguko. La pili limejificha zaidi. Ukiwalinganisha nyuki kwa ule ubora wa kugawa 1, kompyuta inafika mahali inakuwa kipofu: thamani ikishuka chini ya takriban 10 kipeo cha −16, ukiijumlisha na 1 inapotea, jibu linabaki 1 kamili, na nyuki aliye kwenye 10 kipeo cha −17 anaonekana sawa na aliye kwenye 10 kipeo cha −30. Grafu yako italala bapa hapo, nawe utaandika kwamba algoridhimu "imefika ukomo wake" wakati aliyefika ukomo ni wewe. Linganisha thamani yenyewe, ubora uachie bahati nasibu ya watazamaji. Na tangu mwanzo ujue udhaifu wake wa asili: kila hatua inabadilisha kigezo kimoja tu, kwa hiyo kwenye matatizo ambayo vigezo vimefungana, inatambaa. Wenyewe wa Erciyes walilitambua hilo wakatoa toleo linalobadilisha vigezo kadhaa kwa mpigo.

Msije mkaichanganya na algoridhimu nyingine ya nyuki iliyotoka Cardiff mwaka huo huo wa 2005 kwa kikundi cha D. T. Pham, ambaye Karaboğa alikuwa ameshaandika naye kitabu miaka mitano kabla. Ni ndugu kwa wazo, lakini mahesabu yake ni mengine, na mhakiki makini atakurudishia makala ukizitaja kama kitu kimoja.

Kitu cha pili kinatuhusu kwa damu. Kuna homa ambayo jina lake limebeba Kongo: ilielezwa Crimea mwaka 1944 kwa askari wa Kisovieti, mwaka 1956 kirusi kikapatikana kwa mtoto mgonjwa Stanleyville, Kisangani ya leo, na mwaka 1969 ikathibitishwa kuwa ni kirusi kile kile. Ndiyo maana inaitwa homa ya Crimea na Kongo. Uganda nayo imeripoti wagonjwa miaka ya karibuni. Uturuki iligundua wagonjwa wake wa kwanza mwaka 2002 mkoa wa Tokat, kaskazini mashariki ya Kayseri, na tangu hapo imekuwa miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani, maelfu kwa maelfu. Msambazaji ni kupe wa jamii ya Hyalomma, na wanaoumia ni wale wale wa kwetu: wachungaji, wakulima, wachinjaji, na wauguzi wanaowapokea. Kwa mfugaji anayesoma hapa, kupe hang'olewi kwa kidole kitupu, hapasuliwi, hamwagiwi mafuta ya taa wala hachomwi kwa sigara. Anashikwa kwa koleo ndogo karibu kabisa na ngozi, anavutwa taratibu wima. Ukimminya, unamsaidia kukutemea alichobeba.

Aykut Özdarendeli wa Erciyes na wenzake wameshughulika na chanjo ya homa hiyo kwa miaka, kirusi wakikichukua kutoka kwa wagonjwa wa bonde la Kelkit. Mwaka 2015 walichapisha matokeo ya chanjo ya kirusi kilichouawa, wakiijaribu kwa panya wa maabara waliofanywa wasiwe na mlango wa kupokea interferoni, kengele ya mwili ya kupambana na virusi. Kwa nini panya wa ajabu namna hiyo? Panya wa kawaida haugui homa hii. Ukimchanja halafu ukamwambukiza, atabaki mzima, nawe hutajua ni chanjo au ni upanya wake. Makala inayotaja panya bila kutaja ni wa aina gani isikupotezee muda.

Mikono ile ile iliyozoea kupe ndiyo iliyoitengeneza chanjo ya Turkovac wakati wa Korona. Majaribio ya kwanza kwa binadamu yalianza Kayseri Novemba 2020, awamu ya tatu Juni 2021, na ruhusa ya dharura ikatoka tarehe 22 Desemba 2021. Ni teknolojia ya kizamani yenye heshima yake: unaotesha kirusi kwenye seli za Vero, zilizotoka kwenye figo ya tumbili wa Afrika zaidi ya miaka 60 iliyopita na hazijaacha kuzaana hadi leo, unakiua kwa kemikali, unakisafisha, unakichanganya na chumvi ya alumini ili mwili usikidharau. Haihitaji baridi kali ya zile chanjo za mRNA, friji ya kawaida ya zahanati inatosha. Na hapa nisije nikaonekana nimelipwa na chuo: ruhusa ilitangulia, makala ya awamu ya kwanza na ya pili ikaja baadaye katika jarida la Vaccine, na wataalamu wa Uturuki wenyewe walilipigia kelele hilo. Kelele zao zilikuwa za haki.

Sifa nyingine tusiipe Erciyes. Kilomita 20 hivi kutoka mjini iko Kültepe, mji wa kale wa Kaniş, palipochimbuliwa vibao vya udongo zaidi ya 20,000 vya wafanyabiashara wa Kiashuru wa karibu miaka 4,000 iliyopita: barua, madeni, mizigo ya bati na vitambaa iliyobebwa na punda. Mwaka 2015 UNESCO iliviingiza kwenye rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Wageni hudhani ni kazi ya chuo cha mji. Uchimbaji ni wa chuo kikuu cha Ankara, ulianzishwa na Tahsin Özgüç mwaka 1948. Chuo kuwa jirani na hazina hakukifanyi kuwa mchimbaji.

Sasa wewe unayetaka kuja, jifunze kukagua chuo kwa macho yako, usimsikilize wakala wala mjomba. Vyuo vingi vya serikali, Erciyes kikiwemo, vina mfumo unaoitwa AVESİS, ambapo kila mhadhiri ana ukurasa wenye makala, miradi na wanafunzi aliowasimamia. Anza hapo, lakini usiishie hapo, kwa sababu mwenye ukurasa anajaza mwenyewe. Nenda kwenye Ulusal Tez Merkezi, hazina ya taifa ya tasnifu iliyo chini ya YÖK, baraza la elimu ya juu. Tafuta kwa jina la msimamizi. Utaona amefikisha wangapi kwenye udaktari na kwa mada gani. Kisha fungua tasnifu tatu nne, zinapakuliwa bure, uende mwisho kabisa penye neno özgeçmiş, wasifu wa mwandishi. Tasnifu nyingi zinao. Hapo utajua mwanafunzi alianza lini, alimaliza lini, alitoka na makala ngapi. Msimamizi ambaye wanafunzi wake wote wametumia miaka saba hana haja ya kushtakiwa, wewe tafuta mwingine. Usishangae ukikuta tasnifu imefungwa: yenye ombi la hataza inaweza kuzuiwa miaka 2, na yenye matokeo ambayo hayajachapishwa miezi 6.

Angalia herufi. Karaboğa kwenye kanzidata za nje ni Karaboga. Baştürk ni Basturk, na yule yule Bahriye baadaye anaandika kwa jina la Akay, kwa hiyo anayehesabu kazi zake kwa jina moja anapata nusu. Herufi ı isiyo na nukta na i yenye nukta kwa Mturuki ni mbili tofauti, na mashine nyingi zinazichanganya. Tafuta kwa tahajia zote mbili kabla hujasema "huyu hana kitu".

Nimesifu, sasa nilalamike. Wahadhiri wa vyuo vya serikali hupata posho ya motisha inayohesabiwa kwa pointi: makala, miradi, kunukuliwa, mikutano, hataza. Usipofikisha pointi 30 hupati kitu, na juu kabisa ni 100. Upande mmoja mfumo huu umewaamsha waliolala. Upande wa pili umezaa ufundi wa bucha. Kayseri ni mji wa pastırma, nyama ya ng'ombe iliyokaushwa ikapakwa uwatu, na sifa ya muuzaji ni kuikata nyembamba mpaka uone mwanga ng'ambo. Kuna tafiti zinakatwa hivyo hivyo: dodoso moja, wahojiwa wale wale, makala nne. Kanuni za maadili za YÖK zinaita hilo kosa, na linaendelea. Wanafunzi wa kigeni ndio wanaoshikishwa kisu, maana hawajui kukataa. Wewe kataa kwa adabu, useme "hocam, nataka tuitoe yote pamoja kwenye jarida zuri". Hocam ni mwalimu wangu, na neno hilo linafungua milango mingi kuliko kadi ya mwanafunzi. Na ukumbuke ile ripoti ya nyuki ya 2005: kwa hesabu ya pointi za leo sidhani ingeingiza hata moja.

Njia ya udaktari yenyewe ni ya ngazi, na wengi wanaanguka kwa kutojua tarehe. Mwenye shahada ya umahiri ana mihula 8, ukomo ni 12, na masomo ya darasani yanatakiwa kuisha ndani ya mihula 4. Kisha mtihani wa umahiri wa fani, wa kuandika na wa mdomo. Ukishindwa mara mbili, begi. Ukifaulu, una miezi 6 ya kutetea pendekezo la tasnifu mbele ya kamati ya ufuatiliaji ya watu watatu, inayoitwa TİK kwa kifupi. Hiyo inakutana nawe angalau mara mbili kwa mwaka, moja kati ya Januari na Juni, moja kati ya Julai na Desemba. Kushindwa mara mbili mfululizo, au tatu kwa kuachana, kunakutoa. Utetezi wa mwisho una majaji 5, angalau 2 wa kutoka nje ya chuo, na wakikurudisha ukarekebishe unapewa miezi 6. Juu ya hayo, vyuo vingi vinadai makala iliyokubaliwa kabla ya utetezi, na masharti ya jarida gani hutofautiana hadi kwa taasisi ndani ya chuo kimoja. Uliza kwa maandishi mwaka wa kwanza, usingoje wa nne.

Anayekusanya data nyumbani asikilize hapa vizuri. TR Dizin, faharasa ya taifa ya majarida, tangu 2020 inadai makala inayohusu watu itaje kibali cha kamati ya maadili, tarehe na namba. Hata dodoso la walimu. Kibali kinatolewa kabla ya kukusanya, hakitolewi kwa kazi iliyokwisha fanyika. Na kibali cha Kayseri hakikufungulii shule ya Morogoro: Tanzania utahitaji cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na mambo ya afya yanapita NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba, Kenya ni NACOSTI, tume ya sayansi ya huko. Viombe sambamba, miezi mingi kabla ya tiketi. Wapo waliorudi na madodoso 400 yaliyojazwa vizuri, wakayafungia sandukuni kwa kukosa karatasi moja.

Fedha ya maabara hutoka kwenye BAP, mfuko wa chuo wa miradi ya utafiti, na mwombaji ni msimamizi, wewe unaandikwa mtafiti. Bajeti ni ya lira, vitendanishi vinauzwa kwa dola au yuro. Mwanzoni mwa 2021 dola ilikuwa chini ya lira 8, mwisho wa 2024 ilipita 35. Aliyepanga chupa kumi akanunua mbili anajua hii ni lugha gani, na Watanzania na Wakenya hatuhitaji mkalimani. Vitendanishi vinavyoharibika nunua mwisho, vifaa visivyooza nunua wiki ile ile fedha inapoingia.

Halafu bili ya kuchapisha. Majarida ya wazi ya kimataifa hudai dola 2,000 hadi 3,000 kwa makala moja bila aibu. Igeuze kwenye shilingi mwenyewe, halafu unywe maji. Kabla hujalipa au hujakata tamaa, kuna njia mbili. DergiPark, jukwaa la taifa linaloendeshwa na ULAKBİM, kituo cha taarifa za kitaaluma cha TÜBİTAK, baraza la utafiti la Uturuki, lina maelfu ya majarida, mengi hayatozi chochote, yakiwemo ya vitivo vya Erciyes. Njia ya pili ni mikataba ya ULAKBİM na wachapishaji wakubwa, inayomruhusu mwandishi wa mawasiliano aliye kwenye chuo cha Uturuki kuchapisha wazi bila kulipa, kwa majarida yaliyomo kwenye mkataba na kwa nafasi zilizohesabiwa kwa mwaka. Nafasi zikiisha, zimeisha, kwa hiyo makala inayokubaliwa Februari ina bahati kuliko ya Novemba. Mfumo wa mchapishaji unakutambua kwa barua pepe ya chuo, ile inayoishia na edu.tr. Ukituma kwa anwani yako ya kawaida, bili inakuja kamili, na kuibadilisha baada ya kusaini leseni ni vita. Barua pepe kutoka kwa "mhariri mkuu" anayekusifu na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku tano, ifute bila kuisoma mara mbili.

Wa ufadhili wa serikali, Türkiye Bursları, maombi hufunguliwa 10 Januari na kufungwa 20 Februari, bure kabisa. Anayekutoza "ada ya fomu" ni tapeli. Umri chini ya miaka 30 kwa umahiri na 35 kwa udaktari, alama angalau asilimia 75. Mwaka wa kwanza ni Kituruki mpaka ngazi ya C1. Usiuchukulie kama likizo, maana Kayseri programu nyingi ni za Kituruki na tasnifu inaandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Cheti kitambulishwe TCU kwa Tanzania au CUE kwa Kenya, wasimamizi wa vyuo vikuu. Uliza kwao chuo na programu kabla ya kuondoka.

Na siku ya kwanza chuoni fungua ORCID, namba ya kumtambua mtafiti ya tarakimu 16 inayobaki na wewe maisha yote. Jina andika lile lile la pasipoti, kwa mpangilio mmoja, maana fomu za hapa zinataka jina na ukoo, na sisi wa majina matatu tunajikuta jina la babu kwenye makala moja na la baba kwenye nyingine. Kwenye ORCID weka barua pepe mbili, ya chuo na yako binafsi. Ya chuo itafungwa ukishahitimu, na majibu ya wahakiki yana tabia ya kufika mwezi mmoja baadaye.